Gunia la Sita

Mwezi wa kumi, njia ya Pensi La bado ina mlango.
Dereva Tundup anasema siku tisa, labda kumi na moja,
kisha theluji itatia komeo
na Zanskar itabaki na ilichonunua.

Hesabu yetu si ngumu. Alinifundisha mama mkwe:
mdomo mmoja, gunia moja la unga wa ngano,
nusu gunia la mchele, kilo sita za dengu.
Chumvi usipime, chumvi haiozi.
Zidisha kwa vichwa vilivyomo nyumbani:
mimi, Stobdan, watoto wawili, shemeji asiyeoa,
na yeye mwenyewe, Abi Kunzes,
ambaye tangu shayiri ivunwe hajashuka ngazi,
na akikohoa usiku, ng'ombe huko chini huamka.

Usiku wa kuamkia safari aliniita.
"Nunua matano."
Nikajifanya sikusikia, nikachochea moto wa samadi.
"Yangdol. Matano. Unga ukikaa mpaka kiangazi
huingiwa na fukusi, na fedha yenyewe ni ya kukopa."
Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya viatu.

Kargil. Soko limefurika watu wa mabonde yote,
kila mmoja na kikaratasi chake kiganjani,
kila mmoja anauliza bei aliyokwisha kuijua.
Bwana Asgar ana mizani ya chuma na kalamu sikioni.
Nilitumbukiza mkono katika mchele mpaka kiwiko,
nikanusa dengu, nikang'ata punje,
nikalikataa gunia lililoshonwa mara mbili
(mshono wa pili ni ulimi wa mwongo;
hilo nalo nilifundishwa na yeye).

"Unga, magunia mangapi?"

Swali la duka tu. Mtu huulizwa, hujibu, hulipa.
Nikisema matano nimemzika kabla ya theluji,
mbele ya muuza nafaka na vijana wake wabebaji.
Nikisema sita nimemvunjia neno,
na deni la Stobdan limepanda ngazi moja tena.
Nyuma yangu foleni ikaanza kusafisha koo kwa adabu.
"Sita," nikasema,
kisha nikaona haya, sijui kwa nini,
nikamwomba apunguze sukari.

Siku mbili ndani ya lori, miguu juu ya mchele.
Nyumbani Tundup na shemeji walibwaga mizigo ghalani
na yeye, juu, kitandani,
aliyahesabu magunia kwa masikio.
Pu. Pu. Pu. Pu. Pu.
Kikapita kimya cha mtu kufuta jasho.
Pu.
Nilipompelekea chai alikuwa amegeukia ukuta.
Hakuigusa. Ikafanya utando wa siagi.

Njia ikafungwa.
La kwanza likaisha, la pili likaisha,
tukakata la tatu siku mto ulipoganda mpaka katikati.
La sita nililisukuma nyuma kabisa, kwenye kona,
nikaliegemeza mtungi mtupu.
Hakuna aliyelitaja. Hata watoto,
waliokuwa wakipanda magunia yote kama farasi,
lile hawakulipanda.
Usiku nilikuwa nasikiliza kikohozi
jinsi mtu anavyosikiliza paa wakati wa upepo.

Mwezi wa tano Tundup akapiga honi kule bondeni.

Asubuhi hiyo Abi Kunzes alishuka ngazi kwa makalio,
kipago kimoja kimoja, akitukana kila kipago.
Akaingia ghalani. Akauondoa mtungi.
Akalikata lile gunia mshono kwa kisu chake mwenyewe,
akazamisha mkono mpaka kiwiko,
akautoa, akaninyoshea kidole kimoja cheupe.
Juu yake fukusi alikuwa anatembea.

"Nilikuambia," akasema.

Tukauchekecha mara tatu.
Akala mikate miwili, akadai wa tatu,
akalalamika chumvi haitoshi.